Kinga ya kompyuta ikizimwa 'kwa muda', tuulize ni hadi lini

KATIKA shule nyingi humu nchini utakuta jengo la mabati ambalo walimu na wanafunzi hulijua kwa jina la 'darasa la muda'. Mwulize mwalimu mkongwe wa shule hiyo jengo hilo lilisimamishwa lini, naye atakuambia kwamba alipohamishiwa hapo alilikuta. Watoto waliosomea humo wamekua, wakaoa na kuolewa, na sasa wanawaleta watoto wao kusomea papo hapo. Jina halijabadilika. Bado ni darasa la muda.

Nimelikumbuka jengo hilo kwa sababu ya agizo moja ambalo siku hizi limezagaa katika ofisi za walimu, katika mabweni ya vyuo vikuu na katika saiba za mijini. Agizo lenyewe ni fupi: 'Zima kinga ya kompyuta kwa muda.' Mwanafunzi anataka kusakinisha programu aliyopewa na mwenzake, anaambiwa azime kinga kwa muda. Mwalimu anataka printa ya ofisini ipokee kazi kutoka kompyuta ya pili, fundi anamwambia azime kinga kwa muda. Kila mtu hutii, na ni wachache mno ambao huuliza. Nadhani wakati umewadia wa kuliuliza agizo hili maswali ambayo sisi wanafunzi wa lugha hufunzwa kuyauliza kuhusu usemi wowote: ni nani asemaye, anamwambia nani, kwa nini, na hadi lini?

Kabla ya kuyajibu, yafaa tuelewane kuhusu kinga zenyewe. Kompyuta nyingi tuzitumiazo shuleni na vyuoni huendeshwa kwa mfumo wa Windows wa kampuni ya Microsoft. Ndani ya mfumo huo mna walinzi wawili ambao mwenye kompyuta hakuwanunua kando. Wa kwanza ni kingavirusi, ambayo huja pamoja na mfumo huo tangu toleo la nane lililotoka mwaka 2012. Kazi yake ni kuikagua faili wakati inapopakuliwa au kufunguliwa, na kuikamata ikiwa ina dalili za uharibifu. Wa pili ni ukuta wa kinga, ambao husimama baina ya kompyuta na mtandao, ukiamua ni mawasiliano yapi yanayobisha hodi kutoka nje yaruhusiwe kuingia na yapi yarudishwe yalikotoka. Mmoja ni bawabu wa lango. Mwingine ni mkaguzi wa mizigo ndani ya nyumba. Huyu hawezi kuifanya kazi ya yule.

Wapo wanaouita ukuta huo 'ukuta wa moto'. Hapa tafsiri ya neno kwa neno imetupotosha. Waingereza waliliazima neno lao kutoka kwa wajenzi, ambao kwao ni ukuta unaojengwa baina ya nyumba na nyumba, au chumba na chumba, ili moto ukizuka upande mmoja usivuke kwenda wa pili. Si ukuta unaowaka, ni ukuta unaozuia. Mtu anayedhani kwamba kompyuta yake ina ukuta unaowaka moto hawezi kuona kosa kubwa katika kuuzima, kwani moto kwa kawaida ni kitu cha kuzimwa! Ndiyo sababu katika makala haya naliepuka jina hilo na kusema ukuta wa kinga.

Swali la kwa nini walinzi hawa huwa macho tangu siku ya kwanza, bila ya mwenye kompyuta kuwaamsha, lina historia. Toleo la Windows lililoitwa XP lilipotolewa mwaka 2001, lilikuwa na ukuta wa kinga ndani yake, lakini ulikuwa umezimwa. Ilimpasa mtu aujue, autafute na auwashe mwenyewe. Wengi hawakujua hata kwamba upo. Mnamo Agosti 2003 kikazuka kirusi kilichopewa jina la Blaster. Kirusi hicho hakikumngojea mtu afungue barua wala faili yoyote. Kilitosheka kuikuta kompyuta iliyounganishwa na mtandao, isiyorekebishwa kasoro yake na isiyo na ukuta, kikaingia chenyewe na kuanza kutafuta nyingine. Mwaka uliofuata, mnamo Agosti 2004, Microsoft ilitoa marekebisho makubwa ya toleo hilo, na mojawapo ya mabadiliko yake makuu ni kwamba tangu hapo ukuta wa kinga ulikuja ukiwa umewashwa. Kwa hiyo anayeuzima leo na kuusahau anajirudisha kwa hiari yake katika hali ya mwaka 2003.

Atakayesema kwamba hayo ni ya kale na akumbuke tarehe 12 Mei 2017. Siku hiyo kirusi kiitwacho WannaCry kilianza kusambaa duniani, na kwa muda wa siku chache kiliathiri kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150. Nchini Uingereza hospitali za umma zililazimika kuahirisha matibabu ya wagonjwa. Kirusi hicho kilizisimba faili, yaani kiliyageuza maandishi na picha kuwa msimbo usioweza kusomeka bila ya ufunguo, kisha kikadai kikombozi. Kilipita katika kasoro ambayo marekebisho yake yalikuwa yametolewa tangu Machi mwaka huo huo, na kilienea kutoka kompyuta hadi kompyuta kwa kupitia lango la mtandao litumiwalo kushirikiana faili, lango ambalo ukuta wa kinga uliopangwa sawasawa ungaliweza kulifunga.

Hata hivyo, si kila adui huvunja mlango. Wengi hubisha hodi kwa upole na kutuomba tufungue sisi wenyewe. Mnamo Mei 2000, kutoka nchini Ufilipino, ilitoka barua ya kompyuta iliyokuwa na kichwa cha kumwambia mpokeaji kwamba anapendwa, na ndani yake faili iliyojiita barua ya mapenzi. Mamilioni ya watu waliifungua. Faili haikuwa barua. Ilikuwa programu iliyoharibu faili za aliyeifungua na kisha kujituma kwa watu wote aliokuwa ameandika anwani zao. Mimi kama mtu wa isimu silisahau tukio hilo, kwa sababu chombo kikuu kilichotumika kuingilia kilikuwa sentensi moja fupi, ambayo kila binadamu hutamani kuambiwa.

Agizo la kuzima kinga kwa muda ni la ukoo huo huo. Nayasema haya si kama mtazamaji wa kando. Yalinifika.

Mwaka 2015 nilikwenda katika kisiwa cha Pate, katika kaunti ya Lamu, kurekodi mazungumzo ya wazee kwa lahaja za Kisiu na Kipate. Nilirudi na saa ishirini na tatu za sauti. Miongoni mwa waliozungumza nami alikuwa nahodha mmoja wa Siyu, mzee sana, ambaye kwa jioni nne mfululizo alinitajia majina ya pepo, ya nyota na ya sehemu za chombo, na akanieleza jinsi kila neno lilivyotumika baharini. Mzee huyo alifariki mwaka 2017.

Mwaka 2018, nikiwa katika haraka ya kukamilisha makala kwa ajili ya kongamano, nilihitaji programu ya kuchanganua data. Bei yake ilinishinda. Mtu mmoja, ambaye nia yake ilikuwa njema kabisa, akaniletea programu hiyo katika diski ya flashi, ikiwa imevunjwa kufuli yake ili itumike bila ya malipo. Pamoja nayo palikuwa na karatasi ya maagizo, hatua nne. Ya kwanza ilisema nizime kingavirusi na ukuta wa kinga kwa muda. Ya pili, nisakinishe programu. Ya tatu, ninakili faili fulani na kuiweka mahali fulani. Ya nne na ya mwisho ilinitakia furaha. Nilifuata zote. Programu ilifunguka, nami nikafurahi kama nilivyoagizwa.

Baada ya siku mbili, faili za sauti zilikataa kufunguka. Majina yake yalikuwa yameongezewa herufi nisizozijua. Katika kila kabrasha palikuwa na barua ya Kiingereza ikinidai fedha za dijitali, na kunionya kwamba kadiri nikawiavyo ndivyo bei ipandavyo. Diski ya nje niliyoitegemea kwa nakala ilikuwa imechomekwa katika kompyuta iyo hiyo usiku kucha, nayo ikapatwa na yale yale. Sikulipa, kwa kuwa mwizi hatoi stakabadhi na hakuna ahadi yake unayoweza kuishika. Saa kumi na nne za sauti zilisalimika kwa sababu mwanafunzi wangu mmoja aliyekuwa akizinukuu alikuwa na nakala katika kompyuta yake. Saa tisa zilipotea, na jioni zote nne za nahodha zilikuwa ndani ya hizo tisa.

Nilirudi Siyu mwaka 2019. Mwanawe mkubwa alinipokea kwa heshima, akaniandalia kahawa na kuniuliza habari za Nairobi. Kisha akasema, "Mwalimu, sisi hapa hatuna sauti ya baba. Picha tunazo mbili, lakini sauti hatuna. Ile uliyoichukua wewe unayo bado?" Nilimwambia ukweli. Alinyamaza kidogo, akasema kwamba yote ni ya Mungu, akanimiminia kahawa nyingine. Angalinikemea ningaliona nafuu.

Tangu siku hiyo nimeirejea karatasi ile akilini mwangu mara nyingi, nikiisoma kama nimsomeavyo mwanafunzi insha yake. Nimeona mambo matatu ambayo mtu mwenye shahada ya uzamifu katika taaluma ya maana alipaswa kuyaona mapema.

La kwanza ni neno lenyewe 'muda'. Mtu akikuambia kwamba atarudi baada ya dakika kumi, amejifunga. Akikuambia kwamba anatoka kwa muda, hakujifunga kwa lolote. Katika mazungumzo ya kawaida ulegevu huo hauna dhara, kwa sababu msemaji yupo na anaweza kuulizwa. Katika karatasi ya maagizo hakuna wa kuulizwa. Neno hilo limewekwa pale si kwa ajili ya kupima wakati, bali kwa ajili ya kututuliza moyo. Agizo la kusema 'iache kompyuta yako bila ya ulinzi' lingalitushtua. Ongeza 'kwa muda', na mshtuko huondoka.

La pili ni hatua isiyokuwapo. Maagizo yalikuwa na hatua ya kuzima, lakini hayakuwa na hatua ya kuwasha. Tangu hapo nimeyasoma maagizo mengi ya aina hiyo ambayo wanafunzi huniletea, na mara nyingi pengo ni hilo hilo. Mpishi anayekufundisha kuwasha jiko hukufundisha pia kulizima. Mwandishi asiyejali kitakachokupata baada ya kupata alichokitaka ndiye anayeishia katikati.

La tatu ni la kumtambua asemaye. Vingi katika virusi vya leo, vikishaingia, hujaribu kwanza kumzima mlinzi. Kwa sababu hiyo Microsoft mwaka 2019 iliongeza kinga juu ya kinga, ili programu nyingine isiweze kuizima kingavirusi kwa siri. Basi ikiwa jambo la kwanza alitakalo mwizi ni kumfunga mbwa mdomo, na ikiwa sasa ni vigumu kwake kumfunga mwenyewe, njia iliyobaki ni kumwomba mwenye nyumba amfungie. Sisemi kwamba kila anayekuomba uzime kinga ni mwizi. Nasema kwamba ombi la mwizi na ombi la mtu mwema yameandikwa kwa maneno yale yale, na hatuwezi kuyatenganisha kwa kuyatazama tu.

Nilipomsimulia haya mwenzangu wa idara ya kompyuta, alinipinga kwa hoja mbili ambazo haki yanilazimu nizitaje. Kwanza alisema kwamba zipo sababu halali za kuzima kinga. Mlinzi naye hukosea. Mwanafunzi anaweza kuandika programu ndogo ya mradi wake, nayo kingavirusi ikaikamata kwa kuwa haina saini ya mtengenezaji anayejulikana. Fundi naye anaweza kuuzima ukuta kwa dakika chache ili ajue kama ndio unaoizuia printa. Pili, alinikumbusha kwamba katika matoleo ya sasa ya Windows kingavirusi ikizimwa katika mipangilio hurudi yenyewe baada ya muda mfupi. Hofu ya nini basi?

Hoja ya kwanza naikubali, lakini dawa yake si kuzima. Ikiwa programu ya mwanafunzi imekamatwa bure, iruhusiwe faili hiyo moja, si faili zote za dunia. Ikiwa printa inazuiwa, uruhusiwe ushirikiano wa printa peke yake katika mtandao wa ofisi, na ukuta uendelee kuyazuia mengine. Na anayetaka kusakinisha kingavirusi nyingine hana haja ya kuizima iliyopo kwa mkono, kwa sababu ile ya Windows hujiweka kando yenyewe ikitambua kwamba imepata mwenzake. Mgeni mmoja akikwama langoni, hufunguliwa yeye, lango haling'olewi.

Hoja ya pili ni kweli nusu, na nusu ya ukweli ndiyo inayotuponza. Kingavirusi hurudi yenyewe, lakini ukuta wa kinga haurudi. Ukiuzima leo, utabaki umezimwa kesho, mwezi ujao na mwaka ujao, hadi mkono wa mtu uuwashe. Vile vile ruhusa uliyoitoa kwa kabrasha fulani lisikaguliwe haijifuti. Itadumu hadi uifute. Hata kwa kingavirusi yenyewe, dakika chache za usingizi zatosha, kwa kuwa programu mbaya haihitaji muda mrefu kuingia na kujificha. Kwa hivyo ndani ya agizo lile lile moja, 'kwa muda' lina maana mbili: kwa mlinzi wa kwanza ni dakika, na kwa wa pili ni milele. Je, ni watumiaji wangapi wanaoijua tofauti hiyo?

Tufanyeje basi? Mapendekezo yangu si mengi.

Mwalimu au mwanafunzi akiambiwa azime kinga, aulize maswali matatu na adai majibu kabla ya kugusa kitu. Ni nani aliyeiandika programu hii, na je, imetoka kwake moja kwa moja? Kwa nini kinga inaikataa? Kinga itawashwa tena saa ngapi na kwa hatua zipi? Anayeshindwa kujibu asitiiwe, hata akiwa rafiki.

Ikiwa baada ya majibu hayo imebainika kuwa hapana budi kuzima, basi na ifanywe kwa utaratibu. Faili muhimu zinakiliwe kwanza katika diski ya nje, na diski hiyo ichomolewe na kuwekwa kando. Nakala iliyochomekwa si nakala, kama nilivyojifunza kwa gharama kubwa. Mtandao ukatwe ikiwa kazi yenyewe haiuhitaji. Saa ya kuwasha iandikwe kwenye karatasi na kubandikwa juu ya skrini. Kazi ikiisha, walinzi wote wawili wawashwe, mwenye kompyuta athibitishe kwa macho yake kwamba wamewaka, kisha kompyuta ikaguliwe nzima.

Shuleni, wanafunzi wapewe akaunti za kawaida, na akaunti yenye mamlaka ya usimamizi ibaki na mwalimu mhusika pamoja na neno lake la siri. Kuzima kinga huhitaji mamlaka hayo, na asiye nayo hawezi kuzima hata akishawishiwa. Wakuu wa shule nao wakumbuke kwamba kompyuta ya ofisi ina majina ya watoto, nambari za vyeti vyao vya kuzaliwa na simu za wazazi wao. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 humdai anayehifadhi taarifa za watu azilinde ipasavyo. Fundi akiuzima ukuta na kwenda zake, atakayeulizwa ni mkuu wa shule.

Aidha, tuziache programu za wizi. Najua bei ni kubwa na mishahara ni midogo. Mimi mwenyewe nilianguka hapo. Lakini kilichonifedhehesha zaidi baadaye ni kugundua kwamba kazi niliyotaka kuifanya ilikuwa na programu za bure na halali. Kwa kuchanganua sauti ipo Praat, iliyotungwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam. Kwa takwimu ipo R, iliyoanzishwa huko New Zealand na Ross Ihaka na Robert Gentleman. Kwa kuandika barua na majedwali ya alama ipo LibreOffice. Hizi zinapopakuliwa kutoka kwa wenyewe hazimwombi mtu amfunge mbwa wake.

Mwisho nina neno na walimu wenzangu wa Kiswahili, kwa sababu sehemu ya lawama ni yetu. Maonyo ya kompyuta husomwa na watu wetu kwa Kiingereza, na mara nyingi hayasomwi, hubofywa. Hatuwezi kusema kwamba Kiswahili hakikuthaminiwa. Tangu mwaka 2004 Microsoft ilitangaza mpango wa kuiandaa Windows kwa Kiswahili, na baadaye lugha yetu ikawa miongoni mwa zile ambazo mfumo huo uliweza kuzitumia. Ni ofisi ngapi za shule zilizoitumia? Msamiati upo pia. Tumepata kupakua, kusakinisha na kubofya. Neno 'virusi' tumelipokea kutoka ng'ambo, tukaliona limefanana na wingi wa ngeli yetu ya ki-vi, na bila ya kuomba idhini ya mtu tukalizalia umoja wake, 'kirusi'. Lugha inayoweza kufanya hivyo si lugha inayoshindwa na onyo la kompyuta. Kinachokosekana ni sisi kuyaleta maneno haya darasani.

Katika masomo yetu ya uandishi wa kiuamilifu tunawafundisha wanafunzi kuandika maagizo: jinsi ya kupika wali, jinsi ya kutumia dawa. Kwa nini tusiwaletee pia maagizo ya kompyuta, tuwaulize ni hatua gani imekosekana, ni neno gani limetumiwa kuficha wakati, na ni nani anayenufaika mtii akitii? Mwanafunzi atakayeweza kulijibu swali hilo darasani ataweza kulijibu pia akiwa peke yake usiku, mbele ya skrini, akiwa na haraka.

Mimi sikuliuliza. Ile karatasi ya hatua nne ninayo hadi leo katika droo ya meza yangu, na chini ya hatua ya nne nimeongeza kwa kalamu hatua ya tano ambayo mwandishi wake hakuiandika: 'Washa.' Huwaonyesha wanafunzi wapya kila mwaka. Wao hucheka kidogo kwa kuona hati yangu mbaya, nami huwaacha wacheke, kisha nikawaeleza habari za nahodha wa Siyu na majina ya pepo ambayo sasa hakuna kanda inayoyataja.